Tundu Kubwa, Hoja Ndogo

Kuna kanuni inayofundishwa kila anayeanza kupiga picha kwa malipo, na hufundishwa kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa swali: lenzi ya kazi ni f/2.8, nyingine zote ni za kujifunzia. Lenzi tatu za zumu za f/2.8, ile pana, ile ya kati na ile ya mbali, zimepewa hata jina la "utatu mtakatifu", na mpiga picha asiye nazo huonekana bado hajahitimu. Nikon ilipotoa lenzi yake ya 14-24 mm f/2.8 mwaka 2007, pamoja na kamera ya D3, kanuni hiyo ilipata sanamu yake. Lenzi ile ilikuwa na uzito wa takriban kilo moja, kioo chake cha mbele kilitokeza nje, na haikuwa na mahali pa kufungia filta. Wapiga picha wa mandhari waliinunua. Kisha wakanunua vishikizi vya filta za mraba zenye upana wa milimita 150, kisha begi kubwa zaidi la kubebea vyote hivyo. Kisha wakaipandisha mlimani, wakaiweka juu ya stendi ya miguu mitatu na kuifunga hadi f/11.

Kanuni yenyewe ni sahihi kwa lenzi ya mbali. Anayepiga picha za mpira wa usiku kwa lenzi ya 70-200 mm anahitaji mwanga wote anaoweza kuupata, na anahitaji pia usuli ulioyeyuka unaomtenga mchezaji na umati ulio nyuma yake. Kosa lilianza pale sifa za lenzi ya mbali zilipohamishiwa kwenye lenzi pana bila mtu kupima kama zinafika huko zikiwa na nguvu ileile. Hazifiki. Kuanzia milimita 24 kushuka chini, tundu kubwa huleta faida ndogo kwa gharama kubwa ya uzito, ukubwa na fedha. Kwa kazi nyingi ambazo watu hununulia lenzi hizo, zumu ya f/4 au lenzi ndogo ya f/2.8 isiyo na zumu ndiyo chombo bora. Haistahili kuvumiliwa tu mpaka fedha zipatikane, inastahili kuchaguliwa.

Hoja inayotangulia siku zote ni ya usuli. Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya 24 mm iliyofunguliwa hadi f/1.4 ina tundu la milimita 17. Lenzi ya 85 mm iliyofunguliwa hadi f/1.8 tu ina tundu la milimita 47. Mtu akipigwa picha kwa ukubwa uleule ndani ya fremu, ukungu wa vitu vilivyo mbali nyuma yake hufuata upana huo wa tundu, si namba iliyochapwa kwenye lenzi. Kwa hiyo lenzi ya 85 mm hata ikifungwa hadi f/4, ambapo tundu lake lina milimita 21, bado inauyeyusha usuli wa mbali kuliko 24 mm iliyofunguliwa mpaka mwisho. Sony inauza 24 mm f/1.4 ya gramu 445 na 85 mm f/1.8 ya gramu 371. Anayependa usuli laini ana njia nyepesi na rahisi zaidi ya kuupata, na njia hiyo haipiti kwenye lenzi pana.

Lenzi pana hununuliwa ili kuonyesha mahali. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar mpiga picha huivaa kwa sababu hana nafasi ya kurudi nyuma. Ukuta wa pili umeshamgusa mgongo. Anataka mlango uliochongwa, baraza, wazee waliokaa barazani na kipande cha anga juu ya mabati, vyote pamoja na vyote vikisomeka. Kwa lenzi ya 16 mm kwenye kihisi kamili, ikiwekwa f/4 na fokasi ikasimamishwa mita mbili na kidogo, kila kitu kuanzia takriban mita moja hadi upeo wa macho hutoka kikali. Hiyo ndiyo nguvu ya lenzi pana, na f/4 inaitoa yote.

Sasa ichukuliwe ile 24 mm f/1.4 ipelekwe ukumbini kwenye harusi, ifunguliwe mpaka mwisho na ielekezwe kwa bibi harusi aliye mita tatu mbele. Kwa hesabu ya kawaida ya kina cha ukali, kitakachoonekana vizuri ni kilicho kati ya mita mbili na nusu hivi na mita tatu na robo tatu. Mashangazi wanaomzunguka kwa vigelegele, yule aliyetangulia karibu na kamera na mama aliyebaki nyuma na machozi, wote wanaanza kufifia. Mpiga picha mzoefu analijua hilo, na ndiyo maana ukumbini hufunga tundu hadi f/4 au f/5.6 na kutupa flashi kwenye dari. Picha anayoiuza ameipiga kwa tundu ambalo lenzi ya theluthi ya uzito ule ingempa: 24 mm f/2.8 ya Sony, iliyotoka mwaka 2021, ina gramu 162.

Hapo mtetezi wa tundu kubwa huhamia kwenye hoja yake yenye nguvu zaidi, nayo ni giza. Kutoka f/4 hadi f/2.8 ni hatua moja, yaani mwanga maradufu. Kutoka f/2.8 hadi f/1.4 ni hatua mbili, mwanga mara nne. Hilo halina ubishi. Linalopaswa kuulizwa ni mwanga huo unanunua nini, na jibu linategemea kama kilicho mbele ya kamera kinatembea au kimetulia. Ndani ya msikiti wa kale, kwenye sebule ya hoteli au chini ya paa la soko baada ya magharibi, sehemu kubwa ya fremu ya lenzi pana imetulia. Canon ilipotoa 16-35 mm f/4 mwaka 2014, iliweka ndani yake kifaa cha kutuliza mtikisiko chenye uwezo wa hatua nne. Ndugu yake ya f/2.8 haikuwa nacho. Kwa kitu kisichotembea, mwenye f/4 alipoteza hatua moja na kupata nne. Mwaka huohuo Sony ilileta kihisi kinachojituliza chenyewe kwenye kamera ya a7 II, na tangu hapo faida hiyo imeingia ndani ya kamera nyingi, ikaifaa kila lenzi inayofungwa juu yake.

Kwa watu wanaocheza au kukimbia, kutuliza mtikisiko hakusaidii. Hapo inahitajika kasi ya shata. Mwenye f/2.8 atapiga kwa ISO 6400 pale ambapo mwenye f/4 atapanda hadi 12,800. Nikon D3s ilikuwa na 12,800 ndani ya kiwango chake cha kawaida tangu mwaka 2009, na vihisi vya leo pamoja na programu za kusafisha chembechembe vimekwenda mbele zaidi ya hapo. Tofauti ipo, nayo huonekana picha ikikuzwa sana. Lakini ni hatua moja, na inafaa ipewe bei ya hatua moja.

Kanuni ya f/2.8 haikuzuka hewani, na wanaoirithi leo wanapaswa kujua ilikotoka. Enzi za filamu, ISO 400 ilikuwa ya kawaida na 1600 ilikuwa shida. Zaidi ya hayo, mpiga picha alitazama ulimwengu kupitia lenzi yenyewe, na lenzi yenye tundu dogo ilitia giza kwenye kitazamio. Kifaa cha kusaidia fokasi katikati ya kioo cha kitazamio, kile cha picha iliyokatwa nusu mbili, kilianza kuwa cheusi upande mmoja lenzi ilipofika f/5.6. Mtu aliyenunua f/2.8 alikuwa ananunua uwezo wa kuona anachokifanya. Katika kamera zisizo na kioo cha kuakisi, kitazamio ni skrini ndogo inayojiongezea mwanga yenyewe. Sababu imeondoka, kanuni imebaki.

Na hata katika enzi hizo za giza kwenye kitazamio, baadhi ya kazi kubwa kuliko zote za lenzi pana zilifanywa kwa matundu madogo. Mpiga picha Josef Koudelka alizunguka kwenye makazi ya Waroma huko Slovakia miaka ya 1960 akiwa na kamera ya Exakta na lenzi ya Flektogon ya 25 mm, tundu lake kubwa kabisa likiwa f/4. Alipiga ndani ya nyumba zenye dirisha moja, kwa filamu nyeusi na nyeupe. Mwezi Agosti 1968, vifaru vya Mkataba wa Warsaw vilipoingia Prague, aliingia barabarani na lenzi hiyohiyo. Picha zile zina chembe nzito na kivuli kizito, na hakuna anayezitazama leo akatamani zingekuwa na usuli laini. Kilichoziwezesha ni kwamba alikuwa karibu, na alikuwa na chombo cha kumruhusu kuwa karibu.

Kwa nini basi lenzi pana yenye tundu kubwa huwa nzito kiasi hicho, ilhali tundu lenyewe ni la milimita chache? Upana wa pembe peke yake hauna uzito. Lenzi ya Hypergon ya Goerz, ya mwaka 1900, ilifunika zaidi ya digrii 130 kwa vipande viwili vyembamba vya kioo, lakini ilipiga kwa f/22. Zeiss Hologon ya 15 mm, iliyotoka mwaka 1969, ilikuwa na vipande vitatu tu na tundu lisilobadilika la f/8. Lenzi hizo ziliweza kuwa ndogo kwa sababu zilikaa karibu kabisa na filamu. Kamera za kioo cha kuakisi ziliizuia njia hiyo, maana kioo kilihitaji nafasi ya kunyanyuka. Pierre Angénieux wa Ufaransa alilipatia soko jibu mwaka 1950 kwa lenzi yake ya Retrofocus, iliyosukuma vioo mbele, na tangu hapo lenzi pana ikaota pua. Ndiyo maana Nikkor ya 13 mm f/5.6 ya miaka ya 1970 ilizidi kilo moja ingawa tundu lake lilikuwa dogo: ililipa kodi ya kioo cha kamera.

Kodi ya pili ni ya tundu lenyewe, na hiyo haijaondoka na kioo. Upana wa tundu ukiongezeka maradufu, kasoro ya miale ya ukingoni kutokutana mahali pamoja na ile ya katikati huongezeka mara nane. Kasoro ya nukta za mwanga kwenye kona kuota mikia huongezeka mara nne. Mhandisi hana njia ya kuzizima ila kuongeza vipande vya kioo, kuvipa maumbo yasiyo ya duara ambayo ni ghali kuyasaga, na kupanua kioo cha mbele ili miale ya pembeni isikatwe. Sigma inauza 20 mm mbili za kizazi kimoja, zote za mwaka 2022: ya f/2 ina gramu 370, ya f/1.4 ina 630. Hatua moja ya mwanga, gramu 260 juu.

Kuna wanaosema uzito huo hulipwa kwa ukali: kwamba lenzi ya f/2.8 ikifungwa hadi f/8 itaishinda lenzi ya f/4 iliyofungwa hapohapo. Historia ya Canon inawakatalia. Ile 16-35 mm f/4 ya 2014 ilipowekwa kando ya 16-35 mm f/2.8 ya pili, iliyokuwa sokoni tangu 2007, wajaribu wa lenzi waliona kona za f/4 zikiwa kali zaidi. Kwa miaka miwili, hadi toleo la tatu la f/2.8 lilipotoka mwaka 2016, lenzi ya dola 1,199 ndiyo iliyokuwa na kona bora. Toleo hilo la tatu liliondoa aibu hiyo kwa dola 2,199 na gramu 790, dhidi ya gramu 615 za f/4. Mnunuzi wa mandhari, anayefanya kazi yake kati ya f/8 na f/11, alilipa dola 1,000 zaidi apate mfano wa kile ambacho mwenzake alikuwa nacho tayari. Mpiga picha Ansel Adams na wenzake walipojiita Group f/64 mwaka 1932, walichagua kwa jina lao tundu dogo kabisa, kwa kuwa walitaka jiwe la karibu na mlima wa mbali vyote viwe wazi. Warithi wao wanaojisifia f/2.8 wanatembea na sifa ambayo kazi yao haiitumii.

Uzito nao si suala la mabega ya mtu mmoja mmoja tu. Ndege ndogo zinazoondoka Wilson, Nairobi, au Arusha kwenda kwenye viwanja vya vumbi vya mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, begi la mkononi likiwemo. Katika kilo hizo kuna nguo, chaja, kompyuta na lenzi ya mbali, ambayo kwa simba na duma haina mbadala. Pale mbugani kila gramu inayotolewa kwenye lenzi pana ni gramu inayoweza kwenda kwenye lenzi ya mbali, ambako tundu kubwa linalipa kweli: usuli wa nyasi unayeyuka, na kasi ya shata inapatikana alfajiri. Mwenye 16-35 mm f/4 ya Sony ya gramu 353, badala ya f/2.8 ya kwanza ya gramu 680, ameokoa nusu ya uzito kwenye lenzi atakayoitumia jioni mbili tatu kwa ajili ya mbuyu na mawingu.

Wapo wanaohitaji tundu kubwa la lenzi pana, na makala haya hayawanyang'anyi. Mpiga picha wa nyota hana flashi ya kutupa wala kitu cha kukituliza. Mbingu inazunguka, na shata ikiachwa wazi muda mrefu nyota zinageuka mistari. Kwa wanaokaa karibu na Ikweta tatizo ni kubwa zaidi kwa vile nyota zinazopita utosini mwao ndizo zinazosogea haraka kuliko zote kwenye picha. Sigma ilipotengeneza 14 mm f/1.4 mwaka 2023, ya zaidi ya kilo moja, iliitengeneza kwa ajili ya nyota waziwazi: ina swichi ya kufunga fokasi isiteleze na mahali pa kushikia mkanda wa kupasha joto ili umande usigande kwenye kioo. Hiyo ni lenzi inayojua kazi yake. Mwandishi wa habari anayefanya kazi kwenye maandamano ya usiku bila ruhusa ya kuwasha flashi naye ana haki ya kudai f/1.8. Kinachopingwa ni kuwavisha watu wote mahitaji ya hawa wawili.

Watetezi wana jibu jipya siku hizi: lenzi za tundu kubwa zimepungua uzito. Ni kweli. Toleo la pili la 16-35 mm f/2.8 la Sony, la mwaka 2023, limeshuka hadi gramu 547, na 14-24 mm f/2.8 mpya ya Nikon ina gramu 650 badala ya ile kilo. Lakini uhandisi uleule umezifikia f/4 pia. Nikon ina 14-30 mm f/4 ya gramu 485 inayoenda pana vilevile, inafika mbali zaidi, na inafunga filta ya kawaida ya milimita 82 mbele yake, wakati 14-24 mpya inataka filta ya milimita 112 inayofungwa kwenye kivuli cha lenzi. Pengo limesogea chini pamoja na pande zote mbili, halijafungwa.

Jibu lao jingine ni zito zaidi na linastahili kusikilizwa. Husema lenzi ndogo hudanganya, kwamba zinaacha mistari ipinde na kona zitie giza, halafu programu ndani ya kamera inanyoosha na kung'arisha. Canon RF 16 mm f/2.8, ya gramu 165, ni mfano wao, na hawajakosea: picha yake ghafi ina mpindo mkubwa, na kona zilizonyooshwa hupoteza ukali. Mpiga picha wa majengo ana sababu ya kuikwepa. Ila mbinu hiyo haiko kwenye lenzi ndogo pekee. Canon hiyohiyo ilitangaza 24 mm f/1.4 mwaka 2024, lenzi ya daraja la juu ya zaidi ya nusu kilo, nayo pia huitegemea kamera kunyoosha mistari. Anayeikataa mbinu hiyo aikatae kote, na atajikuta amebakiwa na lenzi chache sana za kisasa, kubwa kwa ndogo.

Tatizo halisi la lenzi ndogo liko kwingine, na wenye kulaumiwa ni watengenezaji. Hiyo 16 mm ya Canon haikuzibwa dhidi ya vumbi na unyevu, na kivuli chake cha lenzi huuzwa kando. Nikon ilipotoa 20 mm na 24 mm za kamera zake za Z kwa ustadi kamili, zote mbili zilikuwa f/1.8, gramu 505 na 450; lenzi yake ndogo ya 28 mm f/2.8 ikapewa mdomo wa plastiki. Mnunuzi anayetaka wepesi anaambiwa achukue na udhaifu pamoja nao, kana kwamba mambo hayo mawili yalizaliwa pacha. Sony ilionyesha mwaka 2021 kwamba si pacha: 24 mm f/2.8 yake ina mwili wa chuma, pete ya kubadilisha tundu na kinga dhidi ya vumbi na manyunyu, yote ndani ya gramu 162, kwa takriban dola 600 ilipotoka. Kazi hiyo inawezekana kwa 16 mm na kwa 20 mm pia. Wapiga picha wanaofanya kazi katika vumbi la Amboseli na upepo wa chumvi wa Lamu wana kila sababu ya kuidai dukani kwa jina, na kuacha kulipia hatua mbili za mwanga ili wapate pete ya mpira kwenye maungio ya lenzi.